Kitanda Changu cha Guangzhou
Nilipopanga chumba Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wengi wameuzoea, mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye ihsani kubwa, aliingia siku ya pili, akakitazama kitanda nilichokiweka hata miguu yangu ikaelekea mlangoni, akaguna, kisha akakisukuma mwenyewe mpaka ukutani, akinifahamisha kwa ishara kwamba kwa miguu mbele ndivyo maiti atolewavyo nyumbani. Na kioo kilichokabili kitanda akakifunika kwa kitambaa cha maua. Ilimu ya mambo hayo huitwa feng shui, yaani upepo na maji, na mafundi wake hupima kwa dira yenye duara nyingi, moja ndani ya nyingine, zilizojaa maandishi. Lifti yetu nayo ilitoka ghorofa ya 3 ikaingia ya 5, kwa kuwa kwa Kichina matamshi ya nne yanakaribiana na ya mauti (jambo ambalo, kusema haki, ni la tarakimu kuliko la upepo). Sikucheka. Marehemu bibi yangu kule Pemba hakuridhia mtu anyooshe miguu upande wa kibla, wala afagie usiku, na sikupata hata siku moja kumtaka dalili. Usingizi, nakiri, ulikuwa mwema zaidi, ingawa huenda ni kwa sababu kitanda kiliepukana na baridi ya mlangoni.