"I wonder" si "Nashangaa"

Kitenzi kimoja cha Kiingereza kinaharibu tafsiri nyingi zinazopita mikononi mwetu, nacho ni "wonder". Mtafsiri akikutana na "I wonder if he will come", huandika "Nashangaa kama atakuja". Msomaji ndiye hubaki akishangaa: msemaji ameshangazwa na nini, ilhali mgeni hajafika?

Kitenzi hicho kina sura mbili. Kikifuatwa na "at", hueleza mshangao. Kikifuatwa na "if", "whether" au neno la kuulizia, hueleza dukuduku: mtu ana swali moyoni, lakini hajaamua kumkabili mwenzake nalo. Ndiyo maana sentensi hiyo huishia kwa nukta. Wanachuo wa ualimu niliowasahihishia kwa miaka mingi walipenda kuiwekea alama ya kuuliza, nami nikaifuta kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa msemaji ametoa kauli tu. Aliyeambiwa ana hiari ya kujibu au kunyamaza. Waingereza wakitaka kuomba kwa adabu zaidi, huirudisha kauli nyuma: "I was wondering if..." Wakati uliopita hapo hauhusu jana. Unaongeza umbali, ili ombi lisimbane mwombwa.

Je, sisi hatuna adabu hiyo? Tunayo tele. "Nilikuwa naomba uniazime kitabu" nayo imerudi nyuma vilevile, ingawa kitabu kinatakiwa sasa hivi. "Sijui kama atakuja", au kwa mkato "Sijui atakuja?", haitangazi ujinga, inapapasa jibu. Ipo "najiuliza", ipo "huenda", ipo "yamkini". Ipo pia "asaa", ambayo hubeba tumaini ndani ya shaka. (Mizani tatu tu, enyi malenga, na bado mnaililia "labda"!)

Pagumu ni pale sura zote mbili zinapokutana. Shairi la Jane Taylor kuhusu nyota, lililochapishwa London mwaka 1806 na ambalo watoto wetu huliimba shuleni kwa Kiingereza, linampa msemaji mshangao na swali kwa kitenzi kimoja. Hapo "nashangaa" ina haki yake, ila "sijui" nayo inadai nafasi. Mimi ningeshika swali, na mshangao nikauachia kibwagizo. Malenga atakayeutarjumu ubeti wake wa kwanza kwa mizani 16 na atuambie yeye amekitupa kipi.