JIKO LA CHAMA: Wafo gani, mashine ipi?

Wanachama, kabla ya kununua mashine ya wafo, chagueni wafo kwanza.

Ya Kimarekani huumuliwa kwa beking pauda. Rojo hukorogwa na kuokwa papo hapo. Mashine ya bei nafuu, yenye vishimo vifupi, inaitosha.

Ya Brussels ni ya mstatili na nyepesi, kwa hamira au povu la ute wa mayai. Inataka vishimo vyenye kina. Mashine ya kupindua ni bora, ili rojo lienee juu na chini.

Ya Liège si rojo, ni kinyunya cha hamira, mfano wa mandazi, chenye chenga kubwa za sukari zinazoyeyuka na kuganda kama kashata. Inataka vyuma vizito, na kwa kuwa sukari hunata, vinavyochomoka kuoshwa.

Mwenye fedha za mashine moja tu achukue yenye vishimo vya kina na vyuma vinavyochomoka. Itaoka zote tatu.

Mnaokaa bwenini, someni kanuni kwanza. Mabweni mengi hapa Marekani hayaruhusu mashine hizi chumbani. Ikichukuliwa, fedha zimekwenda na wafo hamkula.