Keloidi: usikubali kisu kabla ya kuuliza kuhusu mionzi

Neno mionzi likitamkwa kliniki, watu husikia saratani. Mama amemleta binti yake wa miaka 22 mwenye keloidi kwenye ndewe ya sikio. Imefikia ukubwa wa zabibu, ilishakatwa mara moja na ikarudi kubwa kuliko mwanzo. Akielezwa kwamba safari hii, baada ya upasuaji, kuna tiba ya mionzi, anauliza kwa sauti ya chini: "Daktari, kumbe ni kansa na mlikuwa mnanificha?"

Siyo kansa. Ila mama huyo hana kosa kuuliza, kwa sababu hapa kwetu mashine za mionzi ziko palepale wanapotibiwa wagonjwa wa saratani: Ocean Road kwa Dar es Salaam, Bugando kwa Mwanza. Na nyuma ya swali lake kuna jingine gumu zaidi. Kama siyo kansa, kwa nini nikubali kupigwa mionzi ambayo yenyewe inaweza kuleta kansa? Hilo ndilo tulipime leo, mpenzi msomaji, pamoja na gharama zake.

Keloidi ni kovu lisilojua kusimama. Ngozi ikijeruhiwa, mwili hutengeneza nyuzi za protini iitwayo kolajeni ili kuziba jeraha, kisha kazi hiyo husitishwa. Kwenye keloidi haisitishwi. Kovu linaendelea kukua miezi na miaka, likivuka mipaka ya jeraha lenyewe. Kutoboa sikio, chunusi za kifuani, chale, chanjo begani, kunyoa ndevu, kisu cha upasuaji, vyote vinaweza kuwa chanzo. Watu wenye ngozi nyeusi hupata zaidi kuliko weupe, mara nyingi kati ya miaka 10 na 30, na hali hii hutembea katika familia. Haiui. Lakini anayeiita "urembo tu" hajawahi kukosa usingizi kwa kuwashwa na kuchomwachomwa, wala kumwona kijana akivaa kofia ya sweta kwenye joto la Dar es Salaam ili kuficha masikio.

Kosa kubwa linalowagharimu wagonjwa ni kudhani kwamba uvimbe ukikatwa umeondoka. Keloidi ikikatwa bila tiba nyingine ya kufuatia, tafiti zinaonyesha inarudi kwa wagonjwa kuanzia karibu nusu hadi takriban wote, kutegemea iko wapi mwilini. Tena inaporudi huwa na jeraha jipya, refu kuliko la kwanza, la kulikalia. Kwa hiyo unaweza kulipa upasuaji mara tatu na kila mara ukatoka na tatizo kubwa zaidi ya uliloingia nalo. Yule anayekata masikio kwenye duka la dawa au saluni, huyo hata tusimjadili.

Mionzi inaingia hapo. Seli zinazofuma kolajeni huamka baada ya kisu, na mionzi ikipigwa mapema, kwa kawaida ndani ya saa 24 na isizidi siku tatu, inazinyamazisha kabla hazijaanza kazi. Dozi hugawanywa, mara nyingi vipindi viwili hadi vinne, kila kimoja dakika chache, na mgonjwa hasikii maumivu wakati wa kupigwa. Jumla huwa kati ya grei 10 na 20, kipimo cha nishati inayoingia mwilini. Saratani ya matiti hupewa takriban grei 40 au zaidi. Upasuaji na mionzi vikienda pamoja, tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha keloidi hurudi kwa mgonjwa mmoja hivi kati ya watano. Sikio hufanya vizuri. Kifua na bega, ambako ngozi huvutwa kila unaponyanyua mkono, hufanya vibaya zaidi, ndiyo maana Wajapani, waliolifanyia kazi sana jambo hili, hupima dozi kwa kuangalia sehemu ya mwili.

Huo ni mafanikio makubwa. Lakini si ahadi, na anayekuambia "haitarudi kamwe" mkimbie.

Sasa hatari. Kwenye karne iliyopita madaktari waliitumia mionzi kwa magonjwa madogo bila kufikiri sana. Huko Israel, kati ya 1948 na 1960, maelfu ya watoto wahamiaji walipigwa eksirei kichwani kutibu mapunye. Ndiyo, mapunye haya haya tunayoyajua, ambayo leo yanaisha kwa vidonge. Mwaka 1974 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya kufuatilia karibu 11,000 kati yao: uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo vilikuwa vimeongezeka ukilinganisha na watoto ambao hawakupigwa. Dozi iliyofika kwenye tezi ilikuwa ndogo sana. Mzazi anapoogopa mionzi, basi, haogopi hewa. Ana historia upande wake.

Tofauti ya leo ni mahali, kina na umri. Kwa keloidi tunataka mionzi inayoishia kwenye ngozi, siyo inayopenya hadi mgongoni. Mashine za kisasa zinaweza kutoa miale ya elektroni ambayo husafiri sentimita chache tu na kuishiwa nguvu. Mashine ya kobalti haiwezi kufanya hivyo, miale yake huzama ndani. Mwaka 2009 watafiti walipekua maandiko ya kitabibu kutafuta wagonjwa waliopata saratani baada ya mionzi ya keloidi duniani kote, wakakuta visa vitano tu, wakiwemo waliopata saratani ya titi na ya tezi ya shingo. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hatari ipo lakini inakubalika, mradi titi na tezi vikingwe, hasa kwa watoto. Mimi naongeza tahadhari moja: saratani ya mionzi huchukua miaka kumi, ishirini au zaidi kujitokeza, na wagonjwa wengi wa keloidi hawafuatiliwi hata miaka mitano. Idadi ndogo iliyoripotiwa haimaanishi kwamba hakuna wengine.

Kwa hiyo naugawa ushauri wangu kwa mgonjwa, siyo kwa ugonjwa. Mtu mzima wa miaka 30 mwenye keloidi ya sikio iliyorudi baada ya sindano na upasuaji, naona faida inazidi hatari, na simzuii. Binti wa miaka 19 mwenye keloidi katikati ya kifua, jirani na matiti, hapo nasita, na nataka nione kwanza kila kitu kingine kimejaribiwa. Keloidi ya shingo iko juu ya tezi, nayo inanipa wasiwasi. Mjamzito asipigwe, asubiri.

Mtoto ni habari nyingine. Hasa nataka kuwatuliza wazazi ambao mtoto amemwagikiwa uji au chai ya moto mkononi. Kovu nene, jekundu au jeusi, linaloinuka wiki chache baada ya kuungua, mara nyingi si keloidi. Ni kovu lililonenepa likabaki ndani ya mipaka ya jeraha, na hili hulainika lenyewe ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Linahitaji kubanwa kwa vazi maalumu, kukandwa, karatasi za silikoni kama zinapatikana, na mazoezi ya vidole kila siku ili visijikunje na kuganda. Mkono wa mtoto umejaa vituo vya ukuaji wa mifupa. Kuupiga mionzi kwa kovu ambalo lingeweza kupungua lenyewe ni jambo nisiloweza kulitetea. Kama vidole vimeanza kuvutwa na kovu, mpeleke kwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile mapema, usingoje mwaka uishe.

(Wenzetu wa Ujerumani na Uingereza hutumia mionzi kwa ugonjwa mwingine wa mkono usio saratani, ule ambao nyuzi za kiganjani hukakamaa na vidole hujikunja polepole uzeeni. Hata kwao ubishi haujaisha kama inafaa.)

Kabla ya mionzi kuna ngazi ya kupanda. Sindano za steroidi, triamsinoloni, huchomwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki tatu hadi sita. Zinauma, nakiri, na zinaweza kuacha ngozi nyembamba au madoa meupe, lakini hupunguza uvimbe na muwasho kwa wengi, na zinapatikana katika hospitali nyingi za mikoa. Kwa sikio kuna hereni za kubana zinazovaliwa miezi kadhaa baada ya upasuaji. Wagonjwa wengi wanaoniuliza kuhusu mionzi walichomwa sindano moja au mbili wakaacha.

Tuje kwenye fedha. Bei ya mashine ni sehemu tu ya gharama. Anayetoka Kigoma au Songea analipa nauli, malazi ya yeye na msindikizaji, na siku za kazi zilizopotea. Zaidi ya hapo, daktari wa upasuaji na wa mionzi lazima wawe wamekubaliana siku, kwa sababu saa 24 hazingoji foleni. Nimeona wagonjwa waliokatwa Jumatatu wakapewa nafasi ya mionzi baada ya wiki tatu. Hapo fedha ya mionzi imetupwa na hatari imebaki.

Wapo wanaosema mashine hizi ni chache, waachiwe wenye saratani. Hoja hiyo ina uzito: saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini, na Uganda walionja machungu mashine yao ya Mulago ilipoharibika mwaka 2016; mpya ilianza kazi 2018, na katikati hapo wengine walilazimika kufuata tiba Nairobi. Hata hivyo mgonjwa wa shingo ya kizazi hupigwa mionzi ya nje takriban mara 25, wa keloidi mara tatu. Simwoni wa keloidi kama mwizi wa nafasi. Ila mashine ikiwa moja na foleni ndefu, nitamwambia wa sikio asubiri, na upasuaji wake usubiri pamoja naye.

Kuhusu bima, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mabishano yaliyofuata yalikuwa juu ya nini kiwemo kwenye kitita. Huduma ikiitwa urembo, inatolewa nje. Kovu linalowasha, linalouma au linalozuia kiungo kutembea si urembo, na daktari wako anapaswa kuandika hivyo kwenye fomu kwa maneno kamili: linauma, linawasha usiku, lilirudi baada ya upasuaji. Omba kibali cha bima kwa maandishi, kikitaja upasuaji na mionzi pamoja. Kibali cha upasuaji peke yake kinakurudisha kwenye kisu bila mionzi.

Ukienda kwa daktari, muulize haya kabla ya kusaini: tarehe ya mionzi ni ipi, na imethibitishwa na nani? Ni miale ya elektroni au ya kobalti? Tezi ya shingo au titi vitakingwaje? Ngozi itabaki na weusi kwa muda gani, kwa sababu kwetu weusi huo hutokea mara nyingi na unaweza kukaa miezi? Nani atakuona baada ya mwaka, na baada ya miaka miwili, maana keloidi inaweza kurudi hata muda huo? Kama tarehe ya mionzi haipo kwenye karatasi, rudi nyumbani na kovu lako, uendelee na sindano mpaka ipatikane.