Mashine ya Kale Isipakwe Rangi Mpya

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na sasa nakaa Chicago. Nyumbani mwangu zimo mashine saba za kale za kuuzia karanga na ubani wa kutafuna. Wenzangu hunicheka, wasema, "Mtu mzima na vitu vya watoto!" Siwalaumu, kwani hawajaufahamu uzuri wake.

Mashine hizi hazitaki umeme wala muuzaji. Juu pana chupa kubwa ya kioo yenye karanga. Chini pana tundu la sarafu na kipini. Ukikizungusha kipini bila sarafu, hukataa. Ukitia sarafu iliyo sawa, sarafu yenyewe hukifungua, gurudumu lenye vyumba huzunguka ndani, na karanga za chumba kimoja huangukia mkononi mwako. Fikra hii ni ya zamani sana. Katika karne ya kwanza Heron wa Iskandaria, huko Misri, alieleza chombo cha kutoa maji matakatifu hekaluni kwa sarafu. Na mwaka 1888 Thomas Adams aliweka mashine za ubani katika vituo vya reli mjini New York.

Basi shauri langu ni hili: ukipata mashine ya kale, usiipake rangi mpya. Najua wako wasemao kuwa kitu chenye kutu hakina heshima. Nami nilikuwa mmoja wao. Mashine yangu ya kwanza, ya miaka ya 1930, niliikwangua mpaka chuma, nikaipaka rangi nyekundu ikang'aa. Pamoja na kutu niliondoa karatasi iliyobandikwa nyuma, yenye jina la duka ilimokuwa. Sikulinakili. Leo yapendeza, lakini haiwezi kuniambia ilitoka wapi, wala mimi siwezi kuwaambia wanangu. Rangi hununuliwa, habari ikifutwa hainunuliki.

Kuisafisha ni wajibu. Ifute vumbi, itie mafuta kidogo, na sarafu zake ziwe karibu, maana mashine isiyotoa karanga ni sanduku tu. Kisha andika uliipata wapi na kwa nani. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Nanyi wanafunzi, huenda msizipate mashine hizi. Lakini ziko cherehani za bibi zenu na saa za babu zenu. Kabla ya kushika msasa, waulizeni kwanza habari zake.