Gari Lako, Kadi ya Mwenzio: Tuache Mchezo Huu



Kuna ugonjwa tunaufuga na kuuita "kuaminiana". Mtu ananunua gari Dar, anakabidhiwa ufunguo na kadi yenye jina la muuzaji, basi, mambo yamekwisha. Miaka minne baadaye gari limepita mikono mitatu, kadi bado inasoma jina la yule wa kwanza. Mimi nasema huko si kuaminiana, ni kutegeana mitego.

Na sisi wa ughaibuni ndio vinara. Hapa Uingereza ninapoishi, ukiuza gari unaitaarifu DVLA kwa intaneti, dakika chache tu, bila ada. Usipotoa taarifa unaweza kupigwa faini hadi pauni 1,000, kwa hiyo Mbongo hachezi. Lakini huyo huyo akimnunulia mama gari nyumbani utamsikia: "Kadi iacheni kwa jina la jamaa, nikija likizo nitashughulikia." Likizo ngapi zimepita?

Hivi dereva akigonga mtu na kukimbia, polisi wataanza na nani? Na jina lililoko TRA. Wenzetu Kenya, kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na muuzaji akifariki je? Utaongea na msimamizi wa mirathi, na watoto watakaokuuliza umelipata wapi gari la baba yao. Wana haki ya kuuliza, maana kadi ina jina la marehemu.

Najua utetezi: eti kuna ada ya uhamisho, ada ya kadi mpya, ushuru wa stempu. Ni kweli, na hapo serikali inajikwaa yenyewe. Ukimtoza mtu kwa kusema ukweli, wengi watanyamaza. Wengine wanaandika kwenye mkataba milioni 3 wakati wamelipa 12, ili ushuru upungue. Siku mkifikishana mahakamani utadai hizo 12 kwa karatasi gani?

Serikali ikitaka inaweza. Mwaka 2017 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta. Basi na uhamisho nao uwe na ada moja ndogo, watu waandikishe bila kukwepa. Tulidai hilo kwa sauti moja.

Lakini tukidai, tusikae kusubiri. Ushuru unalipwa siku moja, kesi inakula miaka. Unaponunua, dai mkataba wenye bei halisi na kadi halisi, tumia TIN yako mwenyewe, na hela ya mwisho itoke jina likishabadilika. Muuzaji asiyetaka hivyo, abaki na gari lake.

Naomba kuwasilisha.