KIPANDE KIMERUDI, SASA KIMO NDANI YA KOMPYUTA

Ndugu wanachama, wazee wetu walitusimulia habari za kipande. Tangu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimishwa kukichukua, akakitundika shingoni ndani ya kijisanduku cha bati kama kengele ya mbuzi. Humo bwana aliandika mshahara wa mtu na siku aliyoacha kazi. Bwana asipotia sahihi, mtu hapati kazi pengine. Wazee walikipiga vita mpaka kikaondoka. Je, kimeondoka kweli?

Tutazame mambo ya Nairobi. Kampuni ya Meta ya Marekani, mwenye Facebook, ilihitaji watu wa kutazama picha na maneno yanayoingizwa humo na kuondoa machafu. Haikuajiri kwa jina lake. Ilipitia kampuni nyingine, Sama, ambayo nayo makao yake makuu yapo Marekani. Vijana waliomba kazi kutoka Kenya, Uganda, Ethiopia, Afrika Kusini na kwingineko. Wengi wamesema kwamba wakati wa kuomba kazi hawakuelezwa watakayoyaona. Walipoketi mbele ya kompyuta waliletewa watu wakichinjwa, watoto wakinajisiwa, watu wakijiua. Kutwa nzima, siku baada ya siku. Mwaka 2022 gazeti la Time liliandika kwamba wengine walipata kiasi cha dola moja na nusu tu kwa saa.

Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, alikuja Nairobi mwaka 2019 kufanya kazi hiyo. Alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki zao. Akafukuzwa. Kampuni ilisema amehatarisha uhusiano wake na mteja. Ndugu, hayo si maneno mapya. Kila mtumishi aliyethubutu kusema "sisi" badala ya "mimi" ameambiwa hivyo hivyo.

Mwaka 2023 Sama iliacha kazi hiyo, na watu 260 wakaambiwa waende. Mkataba ukaenda kwa kampuni nyingine, Majorel. Waliofukuzwa walieleza mahakamani kwamba walipoomba kazi huko walikataliwa kwa sababu tu walitoka Sama. Ikiwa ndivyo, hicho si kipande ni nini? Tofauti ni kwamba kile cha zamani ulikiona shingoni mwako. Hiki hukioni.

Tena mwaka huo huo Time lilifichua habari ya kampuni ya OpenAI, mwenye ChatGPT. Vijana wa Nairobi waliifundisha mashine yake kuyatambua maneno machafu. Mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa. Kijana aliyesoma uchafu ule alipeleka nyumbani chini ya dola 2. Sama ilijibu kwamba fedha zile zilikuwa za gharama zote, pamoja na mishahara ya wasimamizi. Haya, tumesikia. Lakini dalali wa ng'ombe naye husema ana gharama zake, na ng'ombe hanenepi kwa maneno hayo.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu tumeumia zaidi. Tulisimama mbele ya watoto tukawaambia: someni, kalamu ni jembe jipya. Wakasoma, wakajua lugha na kompyuta. Mwisho wake, Desemba 2024, ripoti ya daktari iliyopelekwa mahakamani ilionyesha kwamba zaidi ya 140 kati yao wana maradhi makali ya akili yatokanayo na kiwewe. Tuwaambie nini wazazi wao?

Wako watakaosema: nyamazeni, kampuni zitahamia kwingine. Hofu hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kuitetea ile mishahara ya mashambani. Mwaka 2024 ulipelekwa Seneti muswada wenye kifungu cha kuikinga kampuni yenye kazi isishtakiwe na watumishi wa kampuni ya kati. Twasema wazi: mwenye nyumba anayemfungia mwizi mbwa wake hana haki ya kulia akiibiwa. Na wakihamia, watakwenda wapi ikiwa Mganda, Mkenya na Mhabeshi wamesimama pamoja?

Wamekwisha kuanza. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya watumishi 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Meta ilidai haiwezi kushtakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa: itashtakiwa. Na Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtumishi haki ya kujiunga na chama na kugoma.

Basi madai yetu ni haya. Tangazo la kazi liseme kazi yenyewe ni nini, kabla mtu hajatia sahihi. Mwenye kazi ajibu mwenyewe, asijifiche nyuma ya dalali. Aliyeugua kazini atibiwe na kulipwa fidia. Asinyimwe mtu kazi kwa sababu alidai haki.

Na wewe mwanachama, mtafute kijana wa mtaa wenu anayeomba kazi hizi. Keti naye, msome mkataba wake neno kwa neno, umpeleke chamani. Makuli wa Mombasa waliogoma mwaka 1947 hawakuwa na kompyuta, lakini walijua kuhesabiana. Umoja ni nguvu!