Kazi Iliyoandikwa na Mashini Ni Kazi ya Nani?

Mwaka jana tulialikwa katika chuo kimoja cha kandokando ya ziwa Tanganyika, kumsikiliza kijana wa parokia yetu akitetea kazi yake ya mwisho wa masomo. Kazi hiyo ilihusu uvuvi wa ndakala. Ilikuwa na kurasa 62, jalada zuri, Kifaransa safi kisicho na kosa hata moja, na mwishoni orodha ndefu ya vitabu. Walimu waliketi mbele. Nyuma waliketi wazazi na ndugu, wamevaa kama siku ya Pasaka.

Kijana akaanza kusoma. Alipofika katikati akatangaza kwamba wavuvi wetu hupata samaki wengi zaidi wakati wa mwezi mpevu, kwa kuwa mbalamwezi huwasaidia kuona vema majini. Walimu hawakusema neno; mmoja wao alitikisa kichwa kuonyesha kwamba anakubali. Lakini baba ya kijana, mvuvi tangu utoto wake, aliinama akatazama viatu vyake.

Msomaji wa Kalemie, wa Moba au wa Uvira amekwisha kujua sababu. Ndakala huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya mitumbwi, samaki hufuata mwanga wa taa, ndipo wavu unapopandishwa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umeenea ziwa zima, na taa haina tena nguvu ya kuwaita samaki. Kwa hiyo siku zile mitumbwi mingi hulala ufukoni, na watu hukaa wakishona nyavu zao. Mtoto wa miaka saba aliyezaliwa pwani ajua hayo. Na yule mwanafunzi naye aliyajua! Tulipomwuliza baadaye, nje, chini ya mwembe, alituambia ukweli bila kuficha. Hakuandika yeye. Aliiuliza ile mashini iitwayo ChatGPT kwa simu yake, kwa usiku mmoja, akanakili majibu. Hata kuyasoma yale aliyonakili hakuyasoma vizuri. Nao walimu wakampa alama 15 juu ya 20.

Hatumtaji jina, wala chuo chake. Si yeye peke yake. Tangu mashini hiyo ilipofunguliwa kwa watu wote, tarehe 30 Novemba 2022, imeingia katika simu za wanafunzi wetu upesi kuliko kitabu chochote kilivyopata kuingia katika nyumba zao. Basi yafaa tuseme wazi neno tunalolifikiri.

Wako watu wenye elimu wanaotucheka. Wanasema: «Ninyi watu wa misioni mnaogopa kila kitu kipya. Zamani watu walihesabu kwa vidole, leo wanahesabu kwa mashini, na hakuna anayelia. Mwacheni kijana aandike kwa mashini, dunia nzima yafanya hivyo.» Rafiki yetu mmoja, mwalimu, alitwambia maneno hayo karibu neno kwa neno, nasi twamheshimu. Lakini amekosea.

Mashini ya hesabu, ukiiuliza 12 mara 12, itajibu 144 leo na kesho na siku zote. Hii nyingine si ya namna hiyo. Watu walioitengeneza waliilisha maandishi mengi mno, nayo ikajifunza neno gani hufuata neno gani. Ukiiuliza jambo, inapanga maneno yanayofanana na jibu. Mara nyingi jibu ni la kweli, kwa kuwa walioandika yale maandishi walisema kweli. Lakini pale isipojua, mara nyingi hainyamazi. Inatunga. Na inatunga kwa sauti ileile ya mwalimu mkubwa, bila kusita, bila haya. Huko New York, mwaka 2023, mawakili wawili walipeleka mbele ya hakimu hukumu sita za zamani ili kutetea neno lao katika kesi ya kampuni ya ndege Avianca. Hakimu alizitafuta, hazikuwako. Mashini ilikuwa imezitunga zote, pamoja na majina ya wenye kesi. Wakatozwa faini ya dola 5.000. Mawakili wa Marekani, wenye maktaba na fedha! Je, mwanafunzi wetu, asiye na maktaba ya kuhakikisha neno, ataponaje?

Tuirudie ile orodha ya vitabu mwishoni mwa kazi ya ndakala. Tulijaribu kutafuta sita kati ya hivyo. Viwili tuliviona. Vinne havijulikani popote.

Kuna jambo jingine, na kwetu ndilo linaloumiza zaidi. Mashini hii imesoma hasa maandishi ya Ulaya na ya Marekani. Ya kwetu imesoma machache, kwa sababu machache tu ndiyo yaliyoandikwa. Mambo ya mvuvi wa Moba, bei ya chumvi sokoni, namna wazee wa Kitabwa wanavyoamua ugomvi wa shamba, dawa ambazo mama zetu huwapa watoto kabla ya kuwapeleka kwa mwuguzi, sababu za watu kuhama kijiji fulani: hayo yamo vichwani mwa watu, hayamo katika mashini. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa ndiyo hiyo, kuyatoa kichwani mwa mzee na kuyaweka juu ya karatasi kabla mzee hajafa. Sasa kijana anamwacha babu yake ameketi kwenye kiti mlangoni, naye anaiuliza mashini ya ng'ambo habari za babu yake. Mashini inamtungia babu mwingine. Kesho mwanafunzi wa pili atasoma kazi hiyo na kuiamini, na mashini yenyewe itakuja kuisoma na kuirudia. Ndivyo uwongo juu yetu utakavyopata mizizi, na mbegu yake itakuwa imepandwa na watoto wetu.

Mkumbukeni Padri Stefano Kaoze. Alikuwa bado mwanafunzi wa seminari alipoandika kwa Kifaransa juu ya roho na akili ya Wabantu, na maandishi yake yakaanza kuchapwa mwaka 1910 katika gazeti *La Revue Congolaise*. Mwaka 1917 akapewa upadri, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Wazungu wengi siku zile waliandika juu ya watu wetu bila kuwauliza. Yeye aliandika kama mtu wa ndani ya nyumba. Tumekaa miaka zaidi ya mia moja tukijisifu kwa ajili yake. Je, ni ili wajukuu wake warudi kuwaachia wageni, tena wageni wasio na roho, kazi ya kusema sisi ni watu gani?

Lakini tusidhani kwamba mashini ndiyo iliyoleta dhambi hii. Hapana! Kabla yake tuliwajua vijana walionunua kazi nzima kwa mpiga chapa, wakabadili «Kalemie» kuwa «Moba» na kuweka jina lao. Tuliwajua na walimu waliotia sahihi bila kufungua ukurasa. Mashini imefanya wizi uwe wa bei rahisi tu. Kwa hiyo anayepiga kelele juu ya mashini na kunyamaza juu ya walimu wasiosoma, huyo anakata majani na kuacha shina. Kijana wetu wa ndakala angalikamatwa kwa swali moja: «Baba yako huenda ziwani siku zipi?» Swali hilo halikuulizwa. Walimu watatu, saa nzima, hata mmoja hakuuliza.

Wako pia wa upande wa pili, wanaotaka mashini ipigwe marufuku kabisa, na mwanafunzi akionekana nayo afukuzwe. Hao nao hatukubaliani nao. Mtoto wetu anasema Kitabwa au Kiluba nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kifaransa ni lugha yake ya tatu, pengine ya nne. Akiisha kuandika mwenyewe neno lake, akaiomba mashini imwonyeshe makosa ya Kifaransa, amemwibia nani? Hapo mashini ni kama rafiki mwenye kujua sarufi. Tena intaneti imefungua milango iliyokuwa imefungwa kwetu. Tangu mwaka 2002 uko mpango uitwao HINARI, wa Shirika la Afya Duniani, unaovipa vyuo na hospitali za nchi maskini magazeti ya elimu ya uganga bure au kwa malipo kidogo. Uko mlango wa Persée, ambapo magazeti mengi ya zamani ya Kifaransa yasomwa bila kulipa. Tunawaambia vijana: ingieni humo! Ni haya kuona mwanafunzi akitumia megabaiti zake zote kutungiwa uwongo, na kweli iko bure mlango wa pili.

Na wale walimu wanaotegemea mashini nyingine ya kukamata mashini ya kwanza, wawe na hadhari. Kampuni ya OpenAI yenyewe, iliyotengeneza ChatGPT, ilikuwa na chombo cha kutambua maandishi ya mashini. Mwezi wa Julai 2023 ilikiondoa kwa sababu kilikosea mno. Mwaka huohuo wataalamu wa Stanford walivijaribu vyombo saba vya namna hiyo kwa insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu wasiozaliwa na lugha hiyo. Zaidi ya nusu ya insha hizo, kwa wastani, zilihesabiwa kuwa za mashini, na zote ziliandikwa na watu. Mwaona hatari yake? Anayeandika kwa maneno machache na sentensi rahisi, kwa kuwa lugha si ya mama yake, ndiye anayeitwa mwizi. Ni nani huyo, kama si mtoto wetu? Mwalimu hana njia ya mkato. Na amwite mwanafunzi, waketi, amwulize: nani alikwambia hili? wapi? siku gani? lete daftari ulimoandika majibu yake. Nusu saa yatosha.

Neno moja kwa wanafunzi wa uganga. Tumesikia kwamba wengine wanapiga picha daftari za wagonjwa na kuzitia katika mashini ili iwahesabie. Jina la mgonjwa, ugonjwa wake, kijiji chake, vyote vinakwenda mahali asipopajua. Mama aliyekuja hospitali na aibu yake hakuruhusu hayo. Ficheni majina, au hesabuni kwa kalamu.

Hata Ekleziya haikunyamaza. Tarehe 28 Januari 2025 Roma ilitoa maandiko yaitwayo *Antiqua et nova*, yakifundisha kwamba akili ya mashini si akili nyingine iliyo sawa na ya mtu, bali ni tunda tu la akili ya mtu. Yanaonya pia kwamba mwanafunzi anayepewa majibu tayari atapoteza uwezo wa kuyatafuta mwenyewe. Naye Baba Mtakatifu Leo XIV, siku mbili baada ya kuchaguliwa, mwezi wa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba alichukua jina hilo kwa kumkumbuka hasa Leo XIII, aliyetetea wafanyakazi mwaka 1891 wakati wa mashini za viwanda. Leo ziko mashini hizi nyingine. Basi anayesema kwamba jambo hili ni la wataalamu tu, halihusu padri wala mkristu, amechelewa kusikia habari.

Nasi tunaliweka mahali pake katika katekisimu: amri ya saba na amri ya nane. Anayetia jina lake juu ya kazi asiyoifanya ameiba sifa, na ameshuhudia uwongo mbele ya walimu, mbele ya wazazi, na mbele ya wagonjwa watakaomwamini kesho kwa sababu ya diploma yake. Tunajua wengine watasema tumekaza mno. Lakini yule mvuvi aliuza mtambo wa mtumbwi wake ili kulipa minervali ya mwaka wa mwisho. Sasa anavua kwa kasia. Tuliona mikono yake.

Wazazi, ninyi msiojua Kifaransa, msiogope. Mna haki ya kumwambia mtoto: nieleze kwa lugha yetu mambo uliyoandika. Asipoweza kuyaeleza kwa mama yake, hakuyaandika.

Yule kijana? Alikuja kwetu baada ya majuma mawili, bila kuitwa. Diploma alikuwa nayo tayari, hakuna aliyemdai kitu. Akaomba daftari tupu. Tangu hapo amekwenda ziwani mara tisa pamoja na baba yake na wavuvi wengine, naye ameandika majina ya pepo zote wanazozijua, mwezi ambao kila upepo huvuma, na namna ya kusoma maji kabla ya kuwasha taa. Kifaransa chake kina makosa. Tutaanza kuyachapa katika toleo lijalo, na mwalimu yeyote mwenye neno la kutujibu, atuandikie. Tutalichapa kando yake.